Sponji nayo ipimwe kwa mizani

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hapa majuzi kwamba makochi ya siku hizi yana laana, kwa sababu lake lilibonyea kabla hajamaliza kulipa deni alilolinunulia. Nilicheka, kisha nikalikumbuka langu na kicheko kikakatika. Laana haipo. Ndani ya miezi minne nimefungua makochi mawili kwa mikono yangu, moja jipya na moja kuukuu, na nilichokikuta ndani ndicho kilichonishikisha kalamu. Nina ombi, lakini nitalifikia mbele ya safari. Nilifundisha hisabati miaka 31. Mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia alipata nusu ya alama.

Kochi jipya nililinunua kwa shilingi 650,000 zilizotoka kwenye kiinua mgongo changu, na mgongo wenyewe halikuuinua. Mwaka haujaisha, wageni wawili wakikaa huku na huku walianza kuteremka taratibu hadi wanakutana katikati, hata wale wasiosalimiana. Nikavumilia mwaka mwingine. Nilipoona kila nikifagia napata unga wa njano chini ya kochi, nikachukua kisu. Chini ya kitambaa kizuri cha zambarau palikuwa na sponji inayomong'onyoka kama andazi la juzi. Chini yake mikanda minne tu ya mpira, imelegea. Fremu ni ya paini iliyopigwa misumari ikiwa bado mbichi, ikakauka, ikapinda, kila kiungo kinacheza. Na mkono wa kulia, ule niliokuwa nikiuegemea kunyanyukia, ulijengwa kwa boksi la biskuti. Idadi ya pakiti na ile alama ya mwavuli bado vilikuwa vinasomeka. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliingia nikiwa nimechelewa miaka miwili.

Muuzaji simtaji. Siamini hata kwamba yeye ndiye aliyelijenga.

Kuukuu lilikuja kwa bahati. Jirani wa barabara ya pili alikuwa anahamia Dodoma, akatoa vitu barazani viuzwe: kabati la vyombo, ndoo, feni isiyozunguka, na kochi la watu watatu lenye nguo iliyochanika hadi unaona nyuzi zikining'inia. Lilinuka vumbi na paka. Mtoto wa kaka yangu niliyekuwa naye akaniambia, "Shangazi, hilo la kuchomea." Nikamwambia anyamaze kwanza. Niliinama nikashika mguu mmoja wa mbele, nikaunyanyua kama kimo cha kiganja. Mguu wa pili wa mbele ukanyanyuka papo hapo. Hiyo ndiyo dalili ya fremu iliyoshikana; fremu iliyolegea hujipinda, mguu mmoja uko juu na mwenzake bado umekaa chini. Kisha nikakwaruza kwa ufunguo chini ya kiti, mahali pasipoonekana: mvule. Uzito wenyewe ulishaniambia. Nikalipa 70,000, na guta la kulileta nyumbani 5,000. Mtoto wa kaka ndiye aliyelisukuma nyuma, kwa adabu ya maneno yake.

Halikuingia ndani siku hiyo, wala wiki hiyo. Anayenunua kochi la mtumba na kuliingiza sebuleni moja kwa moja anakaribisha kunguni, na kunguni akishafika chumbani ni kesi ya mwaka mzima. Mdudu huyu anaweza kukaa miezi bila kunyonya damu, kwa hiyo kusema "kochi lilikuwa stoo muda mrefu" hakusaidii kitu. Hujificha kwenye mishono, kwenye matundu ya misumari, na kwenye pindo la kitambaa cha chini. Nililigeuza uani nikaona magamba makavu na madoa meusi kama ya kalamu ya wino. Dada yangu akanishauri nipake mafuta ya taa. Nilikataa. Mafuta ya taa yananuka mwezi mzima, na kulowesha kwa mafuta kitu ambacho kesho kitajazwa sponji ni kujitengenezea kiberiti cha kukalia. (Na hapa hapa niseme: sponji hizi hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Mnaoweka dawa ya mbu ya kuwasha, ile ya duara, chini ya kochi usiku, iondoeni leo.) Nilivua nguo yote nikaichoma, isipokuwa vipande nilivyovihitaji kwa vipimo, ambavyo nilivichemsha kwenye sufuria ya shughuli. Fremu nikaimwagia maji ya moto ya kuchemka kwenye kila kiungo, nikaianika. Baada ya wiki mbili nikarudia, kwa sababu mayai yaliyosalimika mara ya kwanza yanakuwa yameshaanguliwa.

Sasa kufungua kwenyewe. Anayerarua amejiharibia. Kila kipande cha kitambaa kilichotoka nilikiandika kwa chaki: mgongo nje, mgongo ndani, mkono wa kulia ubavuni, na kuendelea, pamoja na mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Ndivyo vilivyokuwa ramani yangu ya kukatia kitambaa kipya. Misumari mifupi yenye vichwa vipana niliing'oa kwa bisibisi bapa na koleo. Ilijaza kopo zima la maziwa ya unga. Nilitoa pia vibanio vitatu vya nywele, kifungo cha sare ya shule, na senti 50 yenye sungura, ile tuliyoiita thumuni. Kwa hiyo kochi hili limekaliwa tangu enzi ambazo thumuni ilikuwa na kazi.

Nilipofika kwenye tumbo lake nilikaa chini nikalitazama tu. Hapakuwa na sponji. Palikuwa na tabaka la usumba wa nazi, chini yake katani iliyochambuliwa, chini yake gunia, na chini ya gunia springi 24 za kujiviringa, safu tatu za nane nane, kila moja imefungwa kwa kamba ya katani. Sisi watu wa Tanga tunaisahau katani kwa kuwa tumeizoea. Mwaka 1893 Dokta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani. Mashamba yote yaliyowalisha wazee wetu yalianzia hapo. Darasani nilikuwa naitumia kwa hesabu ya asilimia: 62 katika 1,000. Sasa nikaikuta ndani ya kochi, imekaa hapo miaka isiyopungua 40, na nilipoiloweka, nikaifua na kuichambua kwa vidole barazani siku mbili, ikafura upya. Sponji ya kochi la zambarau ilikuwa unga katika mwaka wa pili.

Springi hazikuwa zimevunjika hata moja. Zilizokatika ni kamba. Hapo ujuzi wangu uliishia, nikamwita fundi mmoja wa Chuda, mtu wa makamo yangu, nikamlipa 20,000 za siku moja anifundishe, si anifanyie. Alishangaa kidogo kisha akakubali. Kila springi hufungwa kwa kamba zinazopita mbele-nyuma, kushoto-kulia, na mshazari pande zote mbili, hivyo inashikwa sehemu nane na haiwezi kuegemea jirani yake. Nilifunga safu ya kwanza nikajivunia. Akaibonyeza kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Mwalimu, springi haifungwi ikiwa imesimama yote. Iminye kidogo kwanza, ndipo ufunge. Ukiifunga ilivyo, kila mtu akikaa kamba inalegea." Nikafungua nikaanza upya. Kamba ya katani nilipata sokoni Mgandini kwa 4,000, magunia manne ya korosho kwa 6,000. Mwanafunzi wangu yeyote wa zamani akisoma hapa ajue kwamba nami nimesahihishwa kwa wino mwekundu.

Juu ya gunia nikarudisha katani na usumba, nikazishona na gunia kwa sindano ndefu zisitembee. Ikabaki mito mitatu ya kukalia na mitatu ya mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa na sponji tangu awali, tena imekwisha. Na hapa ndipo kilipo kisa changu, Mhariri.

Nilikwenda duka la kwanza. Kijana akanipokea vizuri: "Karibu mama, unataka laini au ngumu?" Nikasema ngumu, ya kukalia. Akatoa bonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, likarudi. "Hii mama miaka kumi." Nikabonyeza nami, likarudi. Akanikatia vipande vitatu, futi mbili kwa futi mbili, unene inchi nne, kila kimoja 17,000. Nilivibeba vyote vitatu kwapani kwa mkono mmoja kuelekea nyumbani, na njiani ndipo nilipoanza kujiuliza: mbona sichoki?

Sikwenda nyumbani. Nilipita bucha. Muuza nyama nilimfundisha darasa la sita. "Shikamoo Mwalimu. Leo wewe ndiye umeleta mzigo?" Nikamwambia marahaba, hebu safisha sahani ya mizani unipimie hiki. Kipande kimoja: gramu 590.

Chukueni kalamu. Futi mbili ni sentimita 61, inchi nne ni sentimita 10 na ushei. Zidisha vyote vitatu, utapata karibu mita za ujazo 0.038. Gawanya gramu 590 kwa hizo: ni kama kilo 15 na nusu kwa mita moja ya ujazo. Sponji ya kukaliwa kila siku inatakiwa iwe karibu na kilo 28 au 30 kwa mita ya ujazo. Iliyo chini ya 20 ni ya mgongoni na ya mito ya mapambo. Kumbe kijana hakunidanganya aliposema ngumu. Ilikuwa ngumu kweli, siku ile. Ugumu ni jambo moja na uzito ni jambo lingine. Ugumu ni jinsi sponji inavyokusukuma leo. Uzito ni kiasi cha mali kilichomo cha kuendelea kukusukuma mwakani. Kidole gumba kinapima la kwanza tu, na hivyo ndivyo sote tunavyonunua.

Siku ya pili nilikwenda duka jingine na kumwomba mwenyewe, mzee mmoja mwenye subira, aniruhusu nikapime kabla ya kulipa. Alidhani natania. Nikaacha kitambulisho changu kwake, nikaenda bucha na kipande chake, kimo kile kile. Kilo 1 na gramu 120. Ni kilo 29 na nusu kwa mita ya ujazo. Bei yake 32,000.

Niliposimama pale nikaona ghali, karibu maradufu. Nikagawanya. Ya kwanza, 17,000 kwa gramu 590, ni kama shilingi 28,800 kwa kilo. Ya pili, 32,000 kwa kilo 1.12, ni kama 28,600 kwa kilo. Bei ni ile ile! Sponji ya bei nafuu haikuwa nafuu hata chembe. Nilikuwa nimepewa sponji kidogo na hewa nyingi. Nilinunua tatu za mzee yule kwa ajili ya kukalia. Za kijana hazikurudishwa, kwani zilishakatwa, nami sikugombana naye, nikazitia mgongoni ambako ndiko mahali pake.

Kitambaa nitakipitia upesi, maana kinanitia haya. Nilinunua mita 10 za velveti ya kijani iliyoiva, upana mita 1.4, kwa 11,000 kila mita. Cherehani yangu ni ya miguu, ya siku nyingi, lakini ukiitilia sindano namba 18 na uzi wa nailoni inatoboa velveti mikunjo minne bila kulalamika. Foronya nilizishona pungufu ya sponji kwa nusu inchi kila upande ili mto ujae, na zipu nikaiweka nyuma ili siku ya kufua isiwe siku ya kufumua. Kosa langu: velveti ina malaika zake zinazolala upande mmoja, kama za mkononi, na kila kipande lazima kikatwe zikielekea chini. Mimi niliyeviandikia mishale vipande vyote vya zamani, kipande cha mgongo wa katikati nilikigeuza ili kubana kitambaa kisiishe. Mchana huoni kitu. Jioni taa ikiwashwa, mto ule unakuwa kijani kingine kabisa, kama umeazimwa kwa jirani. Nimeufunika kwa kitambaa cha kufuma alichoniachia mama. Wale vijana wanaosema vitambaa vya kufuma vimepitwa na wakati hawajawahi kukosea kukata.

Hesabu yote, pamoja na bunduki ya pini 25,000, na pini, gundi, uzi na zipu 24,000, ni shilingi 411,000. Humo mna 51,000 za sponji ya kwanza. Fundi angenitoza 180,000 za ufundi peke yake, vifaa juu yangu, na baada ya kuifanya kazi ile wiki sita, siwezi kusema anazidisha. Mikono yangu sijaihesabu. Kidole cha shahada kilikufa ganzi siku nne.

Sasa ombi langu. Misumari nanunua kwa kilo. Sukari kwa kilo. Sufi ya mto, mama yangu alikuwa akiinunua kwa kilo. Godoro likitoka kiwandani lina lebo. Lakini katika maduka matatu ya sponji ya kukata niliyoyapitia hapa mjini, hakuna bonge hata moja lililoandikwa namba, na hakuna mizani. Bidhaa ambayo thamani yake yote imo katika uzito wake inauzwa kwa kidole gumba. Naomba wenye viwanda waandike kwa rangi ubavuni mwa kila bonge kilo zake kwa mita ya ujazo, na wenye maduka waweke mizani mezani kama bucha inavyoweka. Wakala wa Vipimo wanaohakiki mizani ya nyama, na Shirika la Viwango, naomba waligeukie na hili. Halihitaji maabara. Nililifanya kwa futi kamba na mizani ya nyama.

Najua litakalosemwa, kwa hiyo nalitangulia. Uzito nao huchezewa. Sponji inaweza kutiwa unga wa chokaa kiwandani ili iwe nzito bila kuwa imara. Ni kweli. Kipukute kipande juu ya kanga nyeusi. Ukiona unga mweupe, rudisha. Ndiyo maana nataka namba iandikwe na kiwanda, ili yupo wa kuulizwa. Wengine watasema mteja wa kawaida hajui mita ya ujazo. Mteja wa kawaida anajua kilo, na akiambiwa hii kilo 15 na ile kilo 30 atajua kuuliza kwa nini.

Na yule msomaji wenu mwenye kochi lenye laana, asilitupe. Ageuze, achane kitambaa cha chini tu, ambacho hakionekani na hushonwa upya kwa nusu saa, aangalie mbao. Zikiwa za maana, kinachomsumbua ni mito mitatu. Zikiwa paini na boksi la biskuti, pole yake. Aitoe sponji iliyobaki akajazie mito ya watoto, na fremu aiache.

Mimi nimeshaahidiwa viti viwili vya mikono vya kufanana na kochi hili, vimo stoo kwa mtu Raskazone, na nimeanza kuulizia sponji zake. Muuza nyama ameniomba kwa heshima zote nisilete tena mabonge siku ya Jumamosi, kwa sababu foleni ilifika barabarani na wateja wakadhani kuna nyama ya aina mpya. Nimemwambia nitakuja Jumatano.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Ngamiani, Tanga